Mkanda wa Kweli na Mkanda wa Geresha

9 Machi

Kwa Muuguzi wa Utafiti,
Wodi ya Upasuaji wa Moyo

Mwanangu,

Salamu nyingi. Ni mimi, yule fundi makochi mliyekuwa mkiniita Mzee Mito. Najua wagonjwa mnao wengi, kwa hiyo nakukumbusha: ni yule aliyelalamikia kila sindano mpaka mama wa chai akamuuliza, "Mzee, na chai nayo nikutilie ganzi?"

Nilipiga simu nikaambiwa mambo ya utafiti hayajibiwi kwa simu, niandike. Haya, nimeandika.

Mimi sijambo. Kidonda kimefunga, nyuzi zimeisha, na kwa macho ya fundi nakiri kwamba daktari alishona vizuri, ingawa pale chini angeukaza uzi kidogo. Taabu yangu ni kulala. Nikilala chali naona kama mtu amenikalia kifuani, kwa hiyo nalala nimeketi, kwenye makochi ya wateja. Kuna moja la daktari wa meno, lina mgongo mrefu. Nimelimaliza zamani, ila kila akija namwambia kitambaa bado hakijafika. Nikikohoa nakumbatia mto kama mlivyonifundisha. Miaka yote hii nashona mito, kumbe kazi yake sikuijua.

Nyumbani niko peke yangu. Mke wangu alitangulia, na watoto hatukujaliwa. Redio naiacha ikisema hata nikiwa bafuni, ili nikitoka nikute mazungumzo yanaendelea.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unamkumbuka Dereva, yule wa garimoshi, jirani yangu wa kitanda? Tuliingia wodini siku moja. Yeye ndiye aliyenibatiza jina la Mzee Mito. Ulikuja ukatusomea karatasi zako sote wawili: kwamba mnataka kujua kama kumbana mtu mkono kwa mkanda wa presha kabla ya upasuaji kunausaidia moyo. Kwamba wengine watabanwa kweli na wengine watabanwa geresha, kompyuta ndiyo itakayochagua, na mtu pekee atakayejua ni wewe. Tukatia saini. Dereva alisema, "Nimeendesha injini zilizobanwa kuliko hivi."

Jioni ya kuamkia upasuaji ukatubana, yeye kwanza, kisha mimi, kila mmoja nyuma ya pazia lake. Asubuhi ukarudia. Yeye akachukuliwa mapema, mimi mchana. Nilipozinduka nikauliza jirani yangu yuko wapi, nikaambiwa bado yuko chumba cha mahututi. Baada ya siku mbili tatu nikarudishwa wodini, nikamkuta mhudumu anatandika kitanda chake mashuka mapya. Sikuuliza tena.

Naomba uniambie jambo moja. Mimi ulinibana kweli, au geresha? Na yeye je?

Wako,
Mzee Mito


27 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo. Nilikukumbuka kabla sijafika mstari wa pili. Nimefurahi kusikia kidonda kimefunga, na lile la uzi nimemfikishia daktari. Ameomba anwani ya karakana yako aje kujifunza.

Kuhusu kulala: anza na mito mitatu kitandani, kisha punguza mmoja mmoja. Na kochi la watu lirudishe.

Swali lako siwezi kulijibu. Sikatai kwa ubaya. Utafiti haujaisha, na mpaka uishe, jibu halitakiwi kutoka kinywani mwangu. Madaktari waliokupasua hawajui. Wanaokupima kliniki hawajui. Nikimwambia mmoja, kesho mwingine ataanza kumtazama mgonjwa kwa jicho jingine, na kazi ya miaka itaharibika. Ndiyo maana chakula cha mchana nakula peke yangu kwenye chumba cha vifaa, nimeketi juu ya boksi la mikanda. Wenzangu wanadhani nina maringo. Ukweli ni kwamba wakianza kuongea juu ya wagonjwa, uso wangu unaweza kusema kabla ya mdomo. Mama yangu huniuliza, "Kazi gani hiyo isiyosimulika?" nami huwa namgeuzia maneno.

Lakini lililo wazi nitakueleza, kwa sababu siku ile ulisinzia katikati ya karatasi. Zamani wachunguzi waliziba mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika chache, wakaachia damu ipite, wakaziba tena, wakaachia, hivyo mara kadhaa. Halafu wakaziba kwa muda mrefu. Walitegemea moyo uliosumbuliwa hivyo ungeumia zaidi. Ikawa kinyume: nyama iliyokufa ilikuwa kidogo sana kuliko ya moyo ulioshtukizwa bila kuonjeshwa. Ile njaa fupi ya damu iliutayarisha kwa njaa ndefu. Kinga hiyo hudumu saa chache, hupotea, halafu kesho yake hurudi tena kwa muda. Baadaye ikaonekana kwamba si lazima kuugusa moyo wenyewe. Ukibana mkono na kuuachia, mwili unapeleka habari mpaka moyoni. Kwa njia gani hasa, bado watu wanabishana.

Kwa kuwa wakati wa upasuaji moyo husimamishwa na kukosa damu kwa muda, tunauliza: je, kwa binadamu nako inasaidia? Tunauliza, mzee wangu. Hatujui.

Kuhusu jirani yako, siruhusiwi kusema lolote. Ila kwamba namkumbuka, hilo hakuna kanuni inayolikataza.

Muuguzi wako


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo inataka kuachana. Daktari mwambie aje na sindano yake.

Kwanza nikiri ujinga. Baada ya kusoma habari za mbwa nilichukua ule mkanda mpana tunaosukia chini ya makochi, nikaufunga mkononi, nikaukaza kwa bisibisi. Vidole vilipogeuka rangi ya bilingani nikashindwa kuufungua. Mwanamke wa duka la jirani aliukata kwa mkasi, huku akinisomea makosa yangu. Najua na wewe utanisomea. Soma.

Pili, nimempata mke wa Dereva. Yuko mji wa pili, mwendo wa saa moja kwa basi, katika zile nyumba za reli zenye milango ya kijani. Alikuwa mwalimu wa chekechea, sasa amestaafu. Nilikwenda kumpa pole, nikamkuta amekalia kiti kilichovunjika mguu. Mimi fundi, ningefanyaje? Nikarudi na vifaa. Tangu hapo nimekwenda mara kadhaa. Nimetengeneza mguu, nimebadilisha sponji ya viti viwili. Kiti cha marehemu hakukubali nikiguse. "Hapo alipobonyeza pabaki," alisema. Ananiita shemeji. Ananisahihisha ninavyotamka maneno. Anaongea kidogo na mimi naongea sana, tunakwenda sawa.

Sasa sikiliza kinachonila. Jioni ile ulipomaliza kumbana yeye ukatoka kidogo kabla ya zamu yangu, nilimuuliza, "Dereva, umebanwa?" Akasema, "Wapi! Kama mtoto amenishika mkono. Sikuhisi kitu." Ulipokwisha kunibana na mimi, nikamwambia mkono wangu ulitaka kung'oka begani. Akacheka, akasema, "Basi wewe ndiye uliyepata ya kweli, Mzee Mito. Mimi nimepigwa geresha."

Na mimi nilifurahi. Nililala ninafurahi. Nilijiona kama mtu aliyeokota kitu njiani, na mwenzake aliyepita pale pale hakukiona.

Hujanijibu, lakini mimi jibu ninalo. Nilipewa kinga, yeye hakupewa. Mimi nisiye na mtu wa kunililia nimebaki, yeye mwenye mke amekwenda. Kila jioni nikizima taa za karakana namwona ameketi kwenye kochi mojawapo, ananiambia, "Basi wewe ndiye." Tunabishana. Namwambia si mimi niliyechagua. Anatazama tu kama mtu aliye safarini.

Yule mama ananipikia chai, ananikaribisha kama ndugu, na mimi namtazama machoni nikijua hili. Siwezi tena. Jumapili nitamwambia.

Mzee Mito


2 Mei

Mzee wangu,

Tafadhali, nakuomba kama mwanao: usimwambie. Hujui. Unadhani unajua, na hilo ni jambo jingine kabisa. Maumivu si kipimo. Kuna anayebanwa kidogo akapiga kelele, kuna anayebanwa sana akanyamaza. Nimeyaona yote nyuma ya pazia.

Barua yako imechelewa kunifikia, sijui Jumapili uliyoisema ni ipi. Kama bado, ngoja. Kama imepita, niambie alisema nini.

Na mkanda wa kochi usiurudie. Ungepoteza mkono. Ulivyonikasirisha, barua haitoshi.

Muuguzi wako


6 Mei

Kwa Muuguzi wa Utafiti,

Mimi ni mke wa yule dereva wa garimoshi aliyefia kwenu mwanzoni mwa mwaka. Nilikuwa mwalimu, kwa hiyo nitaandika kwa ufupi na nitategemea jibu fupi.

Amenijia mtu aliyelala kitanda cha jirani. Amenieleza kwamba kulikuwa na mkanda unaokinga moyo, na mwingine wa geresha usiokinga kitu, na kwamba yeye alipewa wa kweli na mume wangu akapewa geresha. Alilia alipokuwa akisema. Nilimwacha amalize, nikamfungulia mlango, nikamwambia asirudi.

Mume wangu alikuja kwenu kwa miguu yake. Alibeba begi lake mwenyewe, mimi nikiwa nyuma. Aliponiambia amekubali kuingia kwenye utafiti nilimuuliza kwa nini, akasema, "Mke wangu, mtu hawezi kupanda treni na kukataa reli." Aliwaamini.

Swali langu ni hili. Kama mlikuwa na dawa mkononi, na mlikuwa na maji, kwa nini mume wangu mimi mkampa maji?

Na kama si kweli, semeni si kweli. Usiku nyumba hii ni kubwa, na maneno ya yule mtu yanazunguka humu kama inzi.

Mke wa Dereva


19 Mei

Mama,

Shikamoo, na pole tena, ingawa najua pole zimekuchosha.

Umetaka jibu fupi. Siwezi kukuambia leo mumeo alipewa mkanda upi. Nimepeleka ombi kwa kamati inayotusimamia niruhusiwe kukujibu kabla ya wakati. Wamekataa, na sababu zao ni za haki, hata kama kwako zitakuwa baridi. Utafiti ukifungwa nitakuandikia siku hiyo hiyo. Nakuahidi kwa mkono wangu.

Lakini la dawa na maji naomba nilijibu. Hatukuwa na dawa. Tulikuwa na tumaini lililofanya kazi vizuri kwa wanyama. Kama ingejulikana kwamba mkanda unaokoa watu, kila mgonjwa angefungwa, na kazi yangu isingekuwapo. Mumeo alipata matibabu yote tunayoyajua. Moyo wake ulikuwa umechoka kuliko alivyokuwa akionyesha. Madaktari walipoufungua walishangaa kwamba mtu mwenye moyo ule alipanda ngazi zetu na begi mkononi.

Yule mzee usimchukie sana. Amesema asilolijua, lakini hakusema kwa kujifaidi.

Muuguzi wa Utafiti


30 Mei

Shemeji,

Naandika kwa sababu simu yangu hupokei, na mlangoni umenikataza.

Sikuja kukuumiza. Nilidhani jambo hilo ni lako zaidi kuliko langu, na kwamba nikikaa nalo ninakuibia. Nilisema vibaya. Nilipaswa kunyamaza, au nilipaswa kusema siku ya kwanza kabla sijanywa chai yako. Nimechagua wakati ulio mbaya kuliko yote mawili.

Foronya nne ulizoniagiza nimezimaliza, nimemwachia jirani yako wa mlango wa tatu. Hazina malipo. Kama hutaki kuziona, wape watoto wa jirani wazijaze nguo kuukuu waruke juu yake.

Nikikosea kuandika neno, lisahihishe tu huko huko.

Fundi


4 Juni

Bwana Fundi,

Foronya zimefika. Nimempa jirani malipo yako, atakuletea. Usiniandikie.

Mke wa Dereva


11 Septemba

Mzee wangu,

Shikamoo. Najua umekaa kimya, nami nimekaa kimya. Barua mbili nilianza nikazichana, kwa kuwa sikuwa na la kukuambia ila kwamba nakuwaza.

Utafiti umefungwa. Matokeo yamesomwa mbele yetu wiki hii, kwenye ukumbi, na leo nimeruhusiwa kumwambia kila mshiriki la kwake.

Wewe ulikuwa kundi la kulinganisha. Mkanda wako ulikuwa ule unaouita geresha. Ulijazwa upepo kidogo tu, wa kukufanya uhisi umeshikwa. Damu yako haikuzuiwa hata kidogo, jioni wala asubuhi. Najua ulisema mkono ulitaka kung'oka begani. Nilikuwa hapo, nilikusikia ukiguna, na nilijitahidi uso usiseme.

Hukupewa kinga yoyote, mzee wangu. Umepona kwa daktari, kwa mwili wako na kwa majaliwa.

Kuna na la pili. Tulipolinganisha makundi yote, wagonjwa kwa mamia, hatukuona tofauti. Waliobanwa kweli na waliobanwa geresha walikufa sawasawa, walipona sawasawa. Pengine dawa za usingizi zinafunika kazi ya mkanda. Pengine mioyo ya wazee waliougua miaka mingi haifanani na mioyo ya wanyama wachanga wazima. Kwenye maabara jambo lile linaonekana bado, kila mara. Kwa watu wetu, kwenye wodi yetu, halikuonekana. Mkubwa wetu alisema, "Hilo nalo ni jibu," watu wakapiga makofi kidogo, kisha kila mtu akakusanya vitu vyake. Mimi nilirudi chumba cha vifaa nikakaa juu ya lile boksi. Miaka yote ile nilibeba siri, na kumbe siri yenyewe ilikuwa tupu.

Leo nimemwandikia pia mke wa jirani yako. La kwake ni lake, siwezi kukuambia.

Ofisi hii inafungwa mwisho wa mwezi, nami nitapangiwa hospitali nyingine. Anwani ya nyumbani nimeiandika nyuma ya bahasha.

Muuguzi wako


24 Septemba

Shemeji,

Kaa chini kabla ya kusoma. Najua unasoma umesimama, mlangoni, umeshika mkasi.

Nimepata barua ya yule muuguzi. Mume wangu alibanwa kweli. Jioni na asubuhi, sawasawa kama mpango ulivyotaka. Hakupewa maji.

Nimekaa na barua hiyo siku kadhaa, kwa sababu ilinikumbusha jambo, na jambo hilo liliniaibisha. Jioni ile ya kuamkia upasuaji alinipigia simu. Alisema, "Mkono wangu mmoja umekufa ganzi, nashikia simu huu mwingine." Nikamuuliza umefanya nini, akasema wamemfunga mkanda, unabana kama breki za behewa. Halafu akashusha sauti. "Lakini nimemwambia jirani yangu si kitu. Ana woga huyu, wakimfunga atadhani anakufa. Zamu yake ndiyo inafuata." Kisha tukaongea mambo ya bomba linalovuja, na mimi nikalisahau la mkono. Siku ya kesho yake na zilizofuata hazikuniachia nafasi ya kukumbuka mikono.

Uliponijia na maneno yako nilikasirika kabla ya kufikiri. Mwalimu mzima. Kama ningekuuliza tu, "Alikuambia nini hasa?" ningejua hapo hapo kwamba ni yeye, ni maneno yake, ni tabia yake. Mume wangu alikuwa akiumwa kifua akisema ni gesi. Alivunjika kidole akisema kimeteguka. Ndivyo alivyoishi nasi sote. Alikudanganya ili usiogope, na mimi nimekufukuza kwa uongo wake.

Kwa hiyo hukuchukua kitu chake. Alikuwa nacho chote, na hakikumsaidia.

Watu wananiambia, "Wewe mke wa dereva, kukaa peke yako umezoea." Si kweli. Nilizoea kungoja. Mtu anayengoja hayuko peke yake.

Njoo Jumapili. Umeandika "zisahihishe" mahali palipotaka "lisahihishe"? Hapana, nimetazama tena, umeandika sawa. Ni mimi niliyesoma kwa hasira.

Shemeji yako


8 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Naandika kwa anwani ya nyuma ya bahasha.

Nilikwenda. Shemeji alifungua mlango kabla sijabisha. Aliisoma barua yako kwa sauti, mimi nikasoma yangu, kama watoto wawili wanaosomeana insha. Kisha tukacheka. Tulimcheka Dereva, mkono umekufa ganzi na bado anajidai, na tukanicheka mimi niliyepiga yowe kwa kushikwa tu. Tulicheka mpaka nikaomba mto wa kukumbatia. Halafu shemeji akalia, na mimi sikujua la kufanya na mikono yangu. Nikavuta uzi uliochomoza kwenye kitambaa cha kiti mpaka akaacha kulia, akaniambia niuache uzi huo, nitakifumua kiti kizima.

Nilidhani nikijua nitapumzika. Usiku ule nililala kitandani, chali, kwa mara ya kwanza tangu mnipasue. Nilishukuru. Lakini jioni iliyofuata nilizima taa za karakana nikageuka kuyatazama yale makochi, na hapakuwa na mtu. Nikamwita, kwa sauti, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Dereva, mimi ndiye niliyepigwa geresha, umesikia?"

Miezi yote ile nilikuwa najiona nimeishi badala yake. Ni mzigo, lakini ni mzigo wa watu wawili. Tulikuwa tunagombana kila jioni, na mtu unayegombana naye yupo. Sasa naambiwa sikuishi badala ya mtu yeyote. Yeye alifungwa akafa, mimi sikufungwa nikapona, na kati ya hayo mawili hakuna uzi. Nimeishi tu. Shemeji amemzika Januari. Mimi nimemzika wiki hii, peke yangu, bila hata jirani wa kunipa pole, kwa sababu ningewaambiaje?

Usidhani nalalamika. Jumapili hii naenda tena, ameniambia bomba bado linavuja, na mimi nimesema najua kidogo mambo ya bomba, jambo ambalo si kweli. Kwenye basi huwa naketi, naona nyumba zinapita, watu wamesimama madirishani mwao wakitazama basi, mmoja mmoja. Sikuwahi kuwaona zamani.

Nakuwaza na wewe pale juu ya boksi. Umekula na nani huko hospitali mpya? Sasa siri huna tena, kaa mezani na wenzako, uso wako useme utakavyo. Waambie una mzee wako mmoja fundi makochi. Ukitaka kiti kizuri cha hapo nyumbani kwako, nipe vipimo vya mlango kwanza, maana watu hununua kiti kisha wakavunja ukuta.

Naona nimefika mwisho wa karatasi, na swali nililokuandikia tangu mwanzo limejibiwa. Sina jingine la kitabibu. Dawa nameza, presha ni nzuri, kidonda hakiumi.

Nijibu hivyo hivyo, hata bila swali.

Mzee Mito